Boila Lililokaa Eda

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga na kwenda msikitini, Yasir alizunguka nyumba aliyokaa, mtaa wa Lozells mjini Birmingham, akiwa na ufunguo mdogo wa shaba na kikombe cha bati. Alianzia sebuleni. Yale mabati ya joto yanayobanwa ukutani chini ya madirisha yana jina lao la Kiingereza, lakini Yasir alikuwa dereva wa basi, na kwake bati lolote lenye maji ya moto ndani lilikuwa rejeta. Alitia ufunguo kwenye kitundu cha pembeni, akauzungusha kidogo, upepo ukatoka ukipiga mluzi. Mluzi ulipokwisha yakafuata maji, akayakinga kwa kikombe. Yalikuwa meusi kama kahawa iliyochemshwa mara mbili. Aliyatazama, akayamwaga, akaenda kwenye rejeta nyingine. Mwisho aliingia jikoni, akafungua kabati la kando ya dirisha, akasimama mbele ya boila, sanduku la gesi lililopasha maji ya rejeta zote na ya bomba.

Hapo alikawia. Alilifuta vumbi. Alisoma mshale wa presha na kuongeza maji yakiwa yamepungua. Aliweka kiganja juu ya kifuniko chake kama mtu anayempima mtoto homa.

"Nisalimie mwenzangu," alisema mkewe, Mwanamkasi, akimenya vitunguu mezani.

"Anakusalimu na yeye," Yasir alijibu bila kugeuka.

"Mwambie asikuchoshe. Zamu yangu inaanza adhuhuri."

Utani huo ulikuwa mkongwe. Boila lilipofungwa jikoni humo, binti yao Asmahan alikuwa hajazaliwa. Sasa Asmahan alikuwa mke wa mtu. Boila la nyumbani huishi miaka kumi, likibahatika kumi na tano, na majirani wote wa mtaa walikuwa wameshabadilisha yao, wengine mara mbili. Mashoga wa Mwanamkasi walipokuja kunywa chai walimwuliza mke mwenza hajambo, naye akawajibu kwamba hajambo, ila anakula gesi nyingi.

Nyumba ilikuwa ya Rashad, mdogo wake Yasir, mwenye duka la vyakula barabarani na mjumbe wa kamati ya msikiti. Kila mwaka majani yalipoanza kupukutika, Yasir alimwomba boila jipya. Rashad alikuja, akatega sikio kwenye kabati, akasikia moto ukivuma.

"Hili bado lina roho, kaka," alisema. Akaenda zake.

Yasir hakubishana. Alimweleza mkewe tu, kwa sababu alipenda kueleza. "Boila haliuawi na moto. Linauawa na maji. Maji yale yale yanazunguka humu humu miaka nenda miaka rudi, yanakula chuma cha rejeta, chuma kinakuwa kutu, kutu inakuwa tope, tope linakwenda kukaa tumboni mwa boila. Watu wa London wanahangaika na chokaa. Sisi maji yetu yanatoka milima ya Wales, laini, hayana chokaa. Sisi ni tope tu. Ukilitoa kidogo kidogo, litadumu. Ukiliacha, siku moja linaziba, na watu wanasema limekufa ghafla."

Yeye mwenyewe aliendesha namba kumi na moja, basi linalouzunguka mji mzima, likapita Perry Barr, likapita Kings Heath, likarudi pale pale lilipoanzia. Alisema anayaelewa maji hayo.

Mwaka ule kilipofungwa kiwanda cha magari cha Longbridge, ilipofika Novemba, Yasir alifika kituoni, akavuta breki ya mkono, akafa. Abiria walikaa wakidhani anasubiri saa yake ya kuondoka. Alioshwa, akaswaliwa, akazikwa katika manyunyu. Mwanamkasi alivua hereni na bangili, akavaa nguo nyeupe, akaingia eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani bila mapambo, bila manukato, bila kuonana na mwanamume anayeweza kumwoa.

Asubuhi iliyofuata alifungua kabati la jikoni. Boila, ambalo siku zote lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lilikuwa jeupe. Nembo yake ya kung'aa ilikuwa imebanduka, na pete za shaba zilizozunguka vitufe vyake zilikuwa zimevuliwa. Vyote vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye rafu ya chini, juu ya kile kitambaa cha Yasir cha kufutia vumbi. Moto ulikuwa unawaka, mdogo, bila kuvuma.

Mwanamkasi alivichukua vile vitu akaviweka katika droo ya hereni zake.

"Haya, mwenzangu," alisema. "Tukae."

Wakakaa. Mwanamkasi aliswali, akasoma Kurani, akapika kidogo. Boila lilipasha nyumba kwa kiasi cha kutosha na halikudai kitu. Mshale wa presha haukushuka hata bila mtu wa kuongeza maji. Siku za Ijumaa Mwanamkasi alizunguka na ufunguo wa shaba, kwa kuwa kazi hiyo sasa ilikuwa ya wake zake, na maji yaliyotoka yalikuwa meupe.

Januari Asmahan alijifungua mtoto wa kike, Nasreen. Mumewe alikuwa Unguja akisubiri viza, kwa hiyo Asmahan alitoka hospitali akaja moja kwa moja kwa mama yake kukaa arubaini. Mzazi anahitaji maji ya moto, na si kidogo. Kila asubuhi Mwanamkasi alimkanda mwanawe mgongo na tumbo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji yanayounguza vidole. Asmahan, aliyezaliwa Birmingham na aliyeelewa kila neno la Kiswahili bila kupenda kulijibu kwa Kiswahili, alipiga kelele kwa Kiingereza kwamba anachemshwa kama muhogo.

"Muhogo haupigi kelele," alisema mama yake. "Geuka."

Maji ya moto hayakuisha. Aliyekuja kumpima mtoto ni nesi Nyambura, mwanamke wa Nyeri mwenye mkoba mzito na viatu vya theluji. Alivua koti mlangoni.

"Ai, mama, hii nyumba ni joto kuliko kwangu," alisema. "Na hiyo boila yenu mnaniambia ni ya zamani?"

"Ya zamani. Iko eda."

"Aa. Pole." Nyambura alichungulia kabatini, akainamisha kichwa kidogo kama anavyofanya kwenye nyumba ya msiba, akafunga mlango polepole. Kisha akamweka Nasreen kwenye mizani. "Huyu mtoto ako sawa. Kifua tu ndicho dhaifu kidogo. Msimwache apigwe na baridi, mmesikia? Chumba kikae hivi hivi."

Kwa wanawake chumba kilikaa hivyo hivyo. Tatizo lilikuwa Rashad.

Rashad alikuja kila siku baada ya magharibi. Alileta machungwa. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha marehemu, akamwita shemeji yake aje akae na yeye kidogo, akauliza nani amepiga simu na nani amegonga mlango, kwa sababu alijiona ndiye mlinzi wa eda hiyo. Tangu siku ya kwanza, mguu wake ulipovuka kizingiti, moto ulizimika kabatini. Rejeta zilipoa. Dirisha la sebuleni likaota barafu kwa ndani. Alipotoka, moto uliwaka wenyewe.

"Mnaishije humu?" alisema, akipuliza viganja. "Mbona hamuwashi?"

"Linazima ukija," Mwanamkasi alimwambia kutoka jikoni, mtandio ukiwa umefunika uso.

"Likizima si unawasha?"

"Liko eda, shemeji. Wewe si maharimu wake, huzuiwi kumwoa. Wala si maharimu wangu."

Rashad alicheka. "Mimi ni ndugu wa marehemu."

"Ndiyo nasema."

Hilo Rashad alilijua. Alikuwa ameshawahi kuwasomea watu msikitini kwamba shemeji ni mwanamume kama wanaume wengine na asiingie ingie kwa mke wa nduguye. Lakini aliona maneno hayo yanawahusu mashemeji wengine. Aliendelea kuja, na akikaa alikaa mpaka isha. Asmahan alimfunga mtoto ndani ya khanga mbili na koti lake mwenyewe. Nasreen alianza kukohoa.

Mwanamkasi alimwomba boila jipya, la mtoto, akasema, si lake yeye.

"Linawaka vizuri," alisema Rashad. "Nilisikia moto nikiwa nje. Bado lina roho."

Hata hivyo alimleta fundi, ili yaishe. Fundi alikuwa Sukhdev, mtu mzima mwenye kilemba cha bluu aliyekuwa akitengeneza maboila ya mtaa huo tangu ujana wake. Mwanamkasi alipanda juu. Sukhdev aliingia jikoni, moto ukazima. Alitia bisibisi kwenye kifuniko, kifuniko kikajibana. Alijaribu upande wa pili, kikajibana zaidi. Alirudisha bisibisi mfukoni na kurudi nyuma hatua chache.

"Limefiwa?" alimwuliza Asmahan kwa Kiingereza.

Asmahan alimwambia ndiyo.

"Niliwahi kuliona moja kule Smethwick," alisema Sukhdev. "Mimi siwezi kuligusa, si adabu. Nitamtuma Balwinder."

Rashad aliwaambia watu msikitini kwamba fundi amekuja, ametazama, hakuona ubaya wowote.

Balwinder alikuwa mpwa wake Sukhdev, msichana mrefu mwenye msuko mmoja na buti zenye chuma mbele. Moto haukutikisika alipoingia. Aligusa kifuniko kwa kidole, kikatoka. Alipima moshi kwa kifaa chake akasema ni safi, haliwezi kumdhuru mtu. Kisha akamulika ndani kwa tochi.

"Mwambie mama yako," alimwambia Asmahan, "pampu imeganda. Haizunguki. Hapa tumboni kumeziba kabisa, hata sindano haipiti. Mtungi wa presha umepasuka. Kila kitu kinachoua boila kiko humu, na kiko humu zamani."

Asmahan alitafsiri. Mwanamkasi hakuonyesha kushangaa.

"Muulize, kwa hiyo lilikufa lini?"

Balwinder alitazama tarehe ya kiwanda iliyochongwa ndani ya bati, akahesabu. "Lilipaswa kufa kabla wewe hujamaliza shule," alimwambia Asmahan. "Baba yako alikuwa analibembeleza."

"Na sasa?"

"Sasa linamaliza eda. Likimaliza halina sababu ya kukaa." Alirudisha kifuniko kwa mikono miwili, taratibu. "Mwenye nyumba anajua hili?"

"Mwenye nyumba anasema lina roho," alisema Mwanamkasi, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa vizuri. Balwinder alikataa malipo. Alikunywa chai akiwa amesimama.

Siku hiyo Mwanamkasi alifunga mlango wa mbele kwa komeo. Baada ya magharibi Rashad alibisha hodi. Mwanamkasi alipiga magoti kwenye zulia, akasukuma kibati cha kitundu cha barua mlangoni, akasema naye kupitia hapo.

"Machungwa yaache kizingitini, shemeji. Allah akulipe."

"Fungua."

"Sifungui. Mtoto anakohoa. Ukiingia wewe, joto linatoka."

"Watu wananiona nimesimama nje ya nyumba yangu kama muuza mazulia!"

"Basi usisimame. Nenda nyumbani. Mkeo amepika."

"Unaniaibisha, Mwanamkasi. Mimi ndiye ninayesimamia eda yako."

"Eda yangu ndiyo inayokufungia mlango," alisema, akaachia kibati kikajifunga.

Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na joto asubuhi na jioni, na kifua cha Nasreen kilitulia. Nyambura alifurahi. Lakini Rashad alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Alasiri moja, Asmahan akiwa amelala juu na mtoto, na Mwanamkasi akiwa kwenye sijida, alipita uchochoroni, akaingia jikoni, akafungua kabati. Alitaka kuliona boila kwa macho yake. Aliliona. Lilikuwa jeupe na halikuwa na pambo, na lilikuwa wazi mbele yake kwa sababu mlango wa kabati hauna komeo.

Safari hii moto haukuzima taratibu. Ulikatika. Mabomba yaligonga nyumba nzima, juu mpaka chini, kisha kukawa kimya. Mwanamkasi aliposhuka alimkuta shemeji yake amesimama na mkono kwenye mpini wa kabati.

"Rangi umepaka wewe?" aliuliza Rashad.

"Toka."

Alitoka. Moto haukurudi. Mwanamkasi aliketi sakafuni mbele ya kabati, akalisemesha kwa sauti ya chini. Alilieleza kwamba aliyeingia hakukaribishwa, kwamba kosa halikuwa lake. Boila lilibaki baridi. Theluji ilianza kuanguka. Jioni midomo ya Nasreen ilikuwa ya bluu na kifua kilikuwa kinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Asmahan alipiga simu ya dharura, akaanza kwa Kiswahili kabla ya kukumbuka Kiingereza, akamwita mama yake kutoka juu kwa Kiswahili, "Mama, hapumui vizuri, mama njoo!" Gari la wagonjwa lilikuja. Lilikuwa na nafasi ya mtoto na mama yake.

Wajane wawili walibaki. Mwanamkasi alileta blanketi la kitandani, lile la upande wa Yasir, akalifunika boila. Kisha akaketi akiegemea, mgongo wake kwenye bati. Hakulia kwa sauti. Kabla ya alfajiri alihisi vuguvugu mgongoni. Lilikuwa joto dogo sana, kama la mtu aliyelala karibu. Aliamka akaswali.

Nasreen alirudi nyumbani baada ya siku chache, rejeta zikiwa zimepata joto tena. Alikuwa mzima, ila kila alipopumua kulikuwa na sauti ndogo, na Nyambura alisema sauti hiyo huenda ikakaa naye ukubwani. Hakusema ni kosa la nani. Alipoondoka alisimama mbele ya kabati kwa muda.

"Pole tena," aliliambia.

Msikitini habari ilikuwa nyingine. Ilisemwa kwamba mjane wa Yasir amemfungia mlango ndugu wa mumewe, ametupiana naye maneno kupitia kitundu cha barua katikati ya msiba, majirani wakisikia. Habari ya mlango wa nyuma haikusemwa. Wanawake wazee walimpigia Mwanamkasi simu mmoja baada ya mwingine, kwa upole. Walimwambia Rashad ni mtu mzima, ana nyumba, ana duka, ana sauti. Amwombe radhi tu, neno moja halitampunguzia kitu. Mwanamkasi aliwashukuru kwa simu zao.

Siku ya mwisho ya eda ilikuwa mwisho wa Machi. Mashoga walikuja asubuhi. Walimwosha Mwanamkasi, wakampaka mafuta, wakamvisha khanga mpya yenye rangi nyekundu. Walipomaliza, mmoja wao alichovya kitambaa katika maji ya waridi, akalifuta boila kuanzia juu mpaka chini, kwa kuwa haikuwa haki kumwosha mmoja na kumwacha mwenzake. Chetezo cha udi kiliwekwa mbele ya kabati. Mwanamkasi alileta nembo na zile pete za shaba kutoka kwenye droo, akazirudisha mahali pake, zikashika bila gundi.

Kisha alitoka nje na mashoga zake kwa mara ya kwanza tangu Novemba, kama inavyotakiwa, akatembea mpaka mwisho wa mtaa akisalimiana kila mlango, akarudi baada ya saa nzima.

Aliporudi kabati lilikuwa tupu. Mabomba manne yalikuwa yamefungwa vizibo vya shaba, bila tone chini. Jirani wa ng'ambo, mama Rajni, aliyekuwa akimwagia chumvi ngazi zake zisishike barafu, alisema limepita mara tu walipotoka. Lilikwenda mpaka Perry Barr kwa miguu, alisema, maana mwanawe aliliona huko kituoni akapiga simu. Lilisubiri namba kumi na moja. Dereva alikuwa mtu wa zamu moja na marehemu, akalishushia ngazi. Likakaa chini, karibu na dirisha.

"Basi la kuzungukia upande gani?" aliuliza Mwanamkasi. "Kulia au kushoto?"

"Hilo hakusema. Lakini namba kumi na moja upande wowote ni ule ule."

Mwanamkasi alikubali. Aliingia ndani, akawasha jiko kupata maji ya mtoto.

Rashad alikuja jioni hiyo na wajumbe wawili wa kamati. Sasa eda ilikuwa imekwisha, mlango ulifunguliwa. Waliketi sebuleni wakiwa na makoti. Pumzi zao zilionekana. Asmahan aliketi pembeni na Nasreen kifuani, na sauti ile ndogo ya kupumua kwake ilisikika kila watu waliponyamaza. Mwanamkasi aliwaletea chai.

Rashad alikuwa ameshaliona kabati. Alisema boila lilikuwa mali yake na limetoka likiwa mikononi mwa shemeji yake. Alisema lilikuwa linafanya kazi, watu wote ni mashahidi, na kitu kinachoweza kupanda basi hakiwezi kuitwa kibovu. Alisema yeye hana kinyongo. Mjumbe mmoja alisema hapana haja ya kurefusha maneno: mjane aombe radhi kwa kumfungia mlango mlezi wake, halafu suala la joto litatazamwa, inshallah, labda kabla ya majira mengine ya baridi.

"Neno moja tu, shemeji," alisema Rashad. "Mbele ya hawa."

Mwanamkasi aliitazama rejeta ya chini ya dirisha. Ufunguo wa shaba ulikuwa bado juu yake, pale Yasir alipokuwa akiuacha siku zote. Aliuchukua akautia mfukoni.

"Nyumba ni yako," alisema. "Na baridi hii ni yako, wala sikuikodi. Ndugu yako alikuomba kila mwaka, ukamjibu lina roho. Lilikuwa nayo. Wewe ukaingia kwa mlango wa nyuma." Alimsogezea kikombe. "Kunywa chai, inapoa. Radhi siombi."